Kadi za Ng'ombe Kwenye Kongamano la Kompyuta

Mkuu wa shule alitangaza mstarini kwamba kutakuwa na kongamano la utafiti la wanafunzi wa sekondari, hapo hapo Shinyanga mjini, na kwamba mada ya safari hiyo ni kompyuta na utunzaji wa taarifa. Neno kompyuta alilitamka polepole, kama mtu anayevuka daraja la miti. Kisha akasema shule yetu haitashiriki, kwa sababu haina kompyuta.

Nilikuwa kidato cha tano, katika miaka ile ya uhaba, tulipokuwa tunafulia majivu na kuandikia penseli fupi kuliko kidole. Shule yetu ilikuwa ya wasichana, nje kidogo ya mji. Kompyuta sikuwa nimewahi kuiona hata kwenye picha. Wala sikusikitika, nani anasikitikia kitu asichokijua?

Aliyesikitika ni mwalimu wetu wa hisabati. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenyeji wa Bukoba, aliyesoma ng'ambo na kurudi na koti moja zito ambalo Shinyanga haikumpa hata siku moja ya kulivaa. Siku hiyo aliingia darasani, akaweka chaki mezani bila kuandika.

"Nani kati yenu amewahi kupotelewa na ng'ombe?" aliuliza.

Darasa likacheka. Nusu yetu tulikuwa watoto wa Kisukuma. Kumuuliza Msukuma kama amewahi kupotelewa na ng'ombe ni kumuuliza kama amewahi kuumwa kichwa. Mikono ikanyooka.

"Mlimtafutaje?"

Nikasimama. Nilieleza jinsi baba alivyozunguka vijiji kwa baiskeli akimtaja ng'ombe wake kwa kila aliyekutana naye: rangi yake, pembe zake, sikio lake lilivyokatwa. Wale aliowaambia walikuwa wameona ng'ombe wengi, lakini kukumbuka yupi ni yupi ilikuwa kazi.

"Basi baba yako anaitafuta taarifa moja ndani ya taarifa nyingi," mwalimu alisema. "Kazi hiyo ndiyo watu wameitengenezea kompyuta. Mashine ni njia tu. Nataka wawili wanaotaka kuifanya kwa njia nyingine."

Niliinua mkono kabla sijafikiri. Mwingine aliyeinua alikuwa msichana aliyekaa dirishani, binti wa mfanyabiashara wa Kihindi wa Nyasubi, kule Kahama, ambaye familia yake iliuza vitambaa. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko sisi sote, lakini alizungumza kidogo sana hivi kwamba wengine walidhani anajidai. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka siku ile.

Jioni hiyo mwalimu alituita nyumbani kwake na kutuonyesha alichokiona kwenye maktaba ya chuo alichosoma. Alichukua kipande cha kadibodi, akatoboa safu ya matundu kando ya ukingo wa juu. "Kila tundu ni swali," alisema. "Jibu likiwa hapana, tundu liacheni lilivyo. Likiwa ndiyo, kateni kwa mkasi kutoka tundu hadi ukingoni, libaki wazi kama pengo la jino." Akatengeneza kadi chache za namna hiyo, akazikusanya pamoja kama karata, akapitisha sindano ya kufumia kwenye tundu moja la kadi zote, akanyanyua na kutikisa. Zenye pengo zikadondoka mezani. Nyingine zikabaki zimening'inia.

Rafiki yangu, maana tangu saa ile nilianza kumwita hivyo, aliziokota zile zilizodondoka.

"Ukiuliza swali la pili kwa hizi tu zilizoanguka," alisema, "zitapungua tena."

"Endelea," mwalimu alisema.

"Na la tatu. Mpaka abaki mmoja."

Mwalimu alitabasamu. Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa shule, na sisi tukamsubiri chini ya dirisha la ofisi. Mkuu alisema kongamano lina wahadhiri wanaotoka Dar es Salaam kwa treni, na kwamba itakuwa aibu wasichana wakienda na makaratasi wakati wavulana wanakuja na mashine. Mwalimu akamjibu kwa sauti ile ile ya darasani, "Aibu itakuwa wakienda bila jibu. Hawa wana swali zuri, na jibu watalipata." Tulipoitwa ndani, tayari tumeruhusiwa.

Likizo ilipofika nilikwenda na rafiki yangu kijijini kwetu. Mama yake hakupenda. Aliogopa maji ya kijijini, nyoka, na zaidi ya yote aliogopa kwamba bintiye angelala njaa kwa sababu hawali nyama. Baba yake ndiye aliyemtuliza. Tena alitupa maboksi ya vitambaa tuyakate kadi. Mama yangu naye, aliposikia mgeni hali nyama, alifikiri ni ugonjwa, akampikia mchicha, karanga na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka mgeni akanenepa.

Asubuhi ya kwanza rafiki yangu alimsalimia baba, "Mwangaluka, baba," kwa matamshi safi ya Kisukuma, kwa sababu alikulia dukani akihudumia wateja. Baba alisimama na kata ya maji mkononi, akamtazama, akaitikia, kisha akasema, "Huyu ni wetu. Nani alimchelewesha kuja kwetu?"

Mpango wetu ulikuwa kukaa kwenye josho, pale ng'ombe wa vijiji kadhaa walipoletwa kuogeshwa dawa ya kupe, na kila ng'ombe anayetoka majini tumwandikie kadi. Lakini tulipoweka meza yetu, wazee walituzunguka wakiwa wamekunja nyuso. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi hadharani. Kuhesabu ni kuita kifo, na kama si kifo basi ni kodi.

"Nani kawatuma kuhesabu mali zetu?" mmoja aliuliza.

Nilijua hofu yao. Rafiki yangu akasema, kwa upole, "Hatuhesabu, baba. Tunamuuliza kila ng'ombe maswali. Wewe ni dume? Una doa usoni? Sikio lako la kulia limekatwa? Akipotea, tumpate."

"Na mkishamaliza mtajua ni wangapi?"

"Hatutajua. Hatuna haja ya kujua."

Wazee walitazamana. Baba akawasukuma ng'ombe wake mbele. "Anzeni na wangu," alisema. "Hawa watoto hawawahesabu. Wanawasalimia mmoja mmoja." Neno hilo liliwachekesha, na kwa kicheko hicho lango likafunguka.

Tulikaa pale likizo nzima. Mimi nilitaja majibu, kwa kuwa nilijua ng'ombe. Yeye alikata kadi, kwa kuwa mkono wake ulikuwa hautetemeki. Tuligombana juu ya maswali. Mwanzoni tulikuwa tumeweka matundu mengi ya rangi, mpaka tukagundua kuwa rangi ya ng'ombe ni ubishi usioisha. Anayeitwa mwekundu na huyu, yule anamwita wa udongo. Tukapunguza rangi, tukaongeza pembe, mikia na alama za masikio, mambo ambayo watu wawili wakiyatazama hawawezi kusema tofauti. Hilo ndilo tulilolipenda zaidi katika utafiti wetu, na ndilo lililokuwa la kwetu wenyewe: swali zuri ni lile ambalo majibu yake hayabishaniwi. Kwenye uso wa kila kadi tuliandika kaya ya ng'ombe huyo. Badala ya sindano ya kufumia tulitumia spoku ya baiskeli ambayo baba aliichomoa na kuinyoosha kwa nyundo, na ilikuwa bora mara nyingi.

Kongamano lilifanyika wakati wa kiangazi, katika ukumbi wa chuo kimoja mjini. Tulikwenda kwa miguu, darasa zima nyuma yetu, sare tumezinyoosha kwa kuzilalia chini ya godoro. Ndani kulikuwa na wanafunzi kutoka Mwanza, Tabora, Musoma na Geita. Wavulana wa shule moja walileta mashine ya kujumlisha waliyoitengeneza kwa balbu za tochi na swichi, na ilikuwa nzuri kweli. Ukibonyeza hapa na pale, balbu zinawaka kukupa jumla. Ukumbi uliwapigia makofi, na mimi nilipiga pamoja nao.

Baba alikuwapo. Alikuja kwa baiskeli, akakaa kiti cha nyuma kabisa, kofia magotini, amevaa shati lake la kanisani.

Zamu yetu ilipofika, nilisoma utafiti wetu kwa Kiswahili, na mwalimu alikuwa ametuonya tusifiche neno lolote nyuma ya Kiingereza. Nilieleza maswali, matundu na mapengo. Rafiki yangu alikaa mezani, bunda la kadi mbele yake. Kiongozi wa majaji, mhadhiri wa chuo kikuu, mwanamume mnene mwenye miwani, alisikiliza huku akigonga kalamu mezani.

"Ni kazi safi," alisema nilipomaliza. "Lakini mmezipanga kadi zenu wenyewe. Mnajua ipi iko wapi. Nitajuaje kwamba njia yenu ndiyo inayotafuta, na si kumbukumbu zenu?"

Kabla sijajibu, mlango wa pembeni ulipigwa ukafunguka. Kisulisuli, kile kimbunga cha vumbi kinachozunguka Shinyanga wakati wa kiangazi, kilikuwa kimekatiza uwanjani, na mkia wake ukaingia ukumbini. Watu walijifunika macho. Vumbi lilipotua, meza yetu ilikuwa tupu. Kadi za likizo nzima zilikuwa zimetawanyika sakafuni, kwenye mapaja ya watu, chini ya viti.

Darasa letu lilianza kuziokota, na watu wengine wakasaidia, wakawa wanazipitisha mkono kwa mkono hadi mbele. Nyingine zimegeuzwa, nyingine juu chini, nyingine zina alama za viatu. Jaji alisikitika kwa dhati.

"Poleni sana, mabinti," alisema. "Tutawapa muda wa kuzipanga. Tutawaita mwishoni."

Nilikuwa karibu kushukuru. Rafiki yangu akasimama. Yule ambaye darasani ilibidi uiname ili kumsikia, sauti yake ilifika mpaka kiti cha nyuma.

"Asante, mwalimu. Lakini hazipangwi."

"Unasemaje?"

"Kadi hizi hazina mpangilio. Hazijawahi kuwa nao." Alikuwa tayari anazigonga mezani kulinganisha kingo. Kila kadi tulikuwa tumeikata pembe moja, hivyo iliyogeuka ilijionyesha yenyewe kwa kutolingana na wenzake. Alizichomoa, akazigeuza, akazirudisha. "Tuulizeni ng'ombe yeyote. Sasa hivi."

Jaji aliiweka kalamu chini. "Nani hapa anawajua ng'ombe wa josho lile?"

Akasimama bwana mifugo wa eneo letu, aliyekuwa amealikwa kama mgeni. Alifikiri kidogo, kisha akacheka. "Nitawapa mmoja nisiyeweza kumsahau. Dume. Pembe ya kushoto imevunjika. Ana doa usoni. Sikio la kulia limekatwa, la kushoto zima."

Nilimtazama rafiki yangu, naye akanitazama. Dume huyo alikuwa amemkimbiza joshoni mpaka akaruka uzio na kuacha kiatu kimoja kwenye matope ya dawa.

Nilipitisha spoku kwenye tundu la dume, nikanyanyua, nikatikisa. Kundi likadondoka. Nikalichukua hilo tu, nikauliza pembe ya kushoto. Zikadondoka chache. Nikauliza doa, zikadondoka za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nikauliza sikio la kulia. Nikatikisa, na hakuna kilichoanguka.

Nikatikisa tena. Kadi zilining'inia kwenye spoku, zimetulia kama popo. Nyuma mtu alikohoa. Mkuu wetu wa shule alitazama dari.

"Kwa hiyo hayupo," jaji alisema taratibu.

"Yupo," rafiki yangu alisema.

"Njia yenu inasema hayupo."

"Njia yetu inasema hayumo katika kadi zilizo mikononi mwetu. Ni vitu viwili, mwalimu." Alikuwa amesimama wima kama mlingoti. "Kadi yake niliikata mimi, siku aliyonikimbiza hadi nikaruka uzio. Basi kuna kadi haijarudi. Naomba kila mtu anyanyue miguu."

Ukumbi mzima, wahadhiri wakiwemo, wakanyanyua miguu. Sijawahi kuona tena jambo kama lile. Watu wazima waliosoma, magoti juu, wakichungulia chini ya viti vyao. Kisha mvulana mmoja wa ile shule ya balbu akainama karibu na jukwaa, mahali nyaya za mashine yao zilipolala, akavuta kadi yenye vumbi. Aliileta mwenyewe mpaka mezani, ameishika kwa mikono miwili.

Sikuisoma. Nilimpa jaji bunda na spoku, nikamwomba aichanganye kadi ile katikati popote apendapo, kisha aulize mwenyewe. Alivua koti. Aliuliza dume, akatikisa. Akauliza pembe, akatikisa. Akauliza doa. Aliponyanyua spoku kwa swali la sikio la kulia, kadi moja ilishuka, ikapiga meza, na ilisikika. Akapitisha spoku kwa sikio la kushoto. Haikudondoka, kwa kuwa sikio hilo lilikuwa zima.

Jaji aliinua kadi karibu na miwani, akasoma kaya iliyoandikwa.

"Ndiye!" bwana mifugo alisema, na kabla hajakaa, wasichana wa darasa letu walipiga vigelegele vilivyotikisa mabati. Mkuu wa shule alikuwa amesimama anapiga makofi juu ya kichwa chake. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa bado amekaa, kofia magotini, lakini aliyekaa jirani yake alikuwa anamtikisa mkono bila kuuachia, na baba alikuwa anashukuru kwa Kisukuma, nilisoma midomo yake, "Wabeja, wabeja sana."

Jaji alipotangaza matokeo alisema maneno ambayo nimeyabeba katika kazi yangu yote. Alisema mashine yoyote ikikuambia hakuna, lazima ujue kama kweli hakuna, au haikupewa. Alisema huko kwenye kompyuta kubwa kubwa alikofanya kazi, wapo wakubwa wasiojua tofauti hiyo, na leo ameifundishwa Shinyanga kwa kunyanyua miguu. Watu walicheka. Akatupa sisi nafasi ya kwanza, na wavulana wa balbu ya pili. Wao ndio waliotubebea meza yetu hadi nje, wakituuliza maswali njia nzima, na sisi tukiwauliza ya kwao.

Zawadi ilikuwa kwenda kusoma utafiti wetu chuo kikuu, Dar es Salaam. Bwana mifugo alituomba seti ya pili ya kadi ikae joshoni. Tuliikata kwa wiki kadhaa, darasa zima likisaidia, na kabla hatujasafiri mtamba wa mjane mmoja, aliyekuwa amechanganyika na kundi la kijiji cha mbali, alirudi kwake kwa njia ya spoku. Mjane huyo alikuja shuleni kutushukuru kwa kibuyu cha maziwa. Mkuu wa shule alimkaribisha ofisini, akamweleza matundu na mapengo kana kwamba yeye ndiye aliyeyabuni, na hatukumkatiza.

Tulipanda treni pamoja na mwalimu wetu, ambaye safari hii alibeba lile koti lake zito, kwa sababu, alisema, behewa lina baridi na amechoka kulitazama likining'inia. Nilikuwa sijawahi kupanda treni. Jua lilikuwa linaelekea magharibi tuliposimama Isaka, na rafiki yangu akachungulia dirishani, akashika mkono wangu.

Kwenye jukwaa la stesheni walikuwa wamesimama wazazi wake, vumbi la barabara ya Kahama hadi kwenye nyusi. Walikuwa wamekuja na lori la mizigo. Na kando yao, akiwa amebeba nao kikapu kimoja, alikuwa mama yangu, ambaye sikujua hata kama walifahamiana. Alikuwa amekwenda mwenyewe hadi Nyasubi, kwenye duka la vitambaa, kumwambia yule mama kwamba watoto wao watapita Isaka na kwamba haifai wapite na njaa.

Kikapu kilipandishwa dirishani. Sambusa za viazi, chapati, karanga, michembe, na chupa ya chai iliyofungwa kwa khanga. Mama wa rafiki yangu alimshika bintiye uso kwa mikono miwili akasema naye Kigujarati, maneno mengi ya haraka. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, mwanangu, usimwache alale bila kula. Akifikiri anasahau."

"Sitamwacha, mama."

Mama yangu alinitazama, akatazama behewa, akamtazama mwalimu wetu na koti lake, akamwambia, "Shikamoo, mwalimu," ingawa yeye ndiye alikuwa mkubwa. Mwalimu alishtuka, akashuka ngazi za behewa mpaka chini kwenye changarawe, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao, akasema, "Hapana, mama. Shikamoo wewe."

"Marahaba," mama alisema, na uso wake ukang'aa.

Filimbi ililia. Mwalimu akapanda mbio, koti likipepea, na treni ikavuta kuelekea Tabora. Wale mama wawili walibaki wamesimama pamoja wakipunga, mpaka sikuweza tena kutofautisha khanga na sari. Rafiki yangu alikuwa ameshaanza sambusa ya pili. Abiria waliokaa mbele yetu walitaka kujua sisi ni akina nani hata tukasindikizwa hivyo, naye, mdomo umejaa, akawajibu, "Watafiti."